TAHADHARI: Usimwachie mtu memori kadi yako ya PS2 akuhamishie sevu

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Mombasa, hasa nyinyi ambao bado mna mashine ya gemu ya PS2 (PlayStation 2) nyumbani.

Kuna jamaa maeneo ya Mwembe Tayari anayejitangaza kuwa anahamisha sevu za gemu, yaani hatua za mchezo ulizohifadhi, kutoka memori kadi kuukuu hadi mpya. Mwezi uliopita nilimpelekea kadi yetu, Sony halisi ya MB 8. Ndani mlikuwa na Master League (ligi ya kuongoza timu msimu baada ya msimu) ya gemu ya mpira ya Pro Evolution Soccer 6, tuliyoianza mimi na kaka yangu kabla hajaenda Doha kutafuta riziki. Kila akija likizo tunaendelea pale pale tulipoachia. Akaniambia kadi imechoka, nimtumie shilingi 1,500 kwa M-Pesa na nimwachie kwa siku mbili.

Siku ya tatu akanikabidhi kadi mpya iliyoandikwa Sony, MB 64. Nikamwuliza ile yetu iko wapi. "Imekufa, nimeitupa." Nilipofika nyumbani sevu zilionekana kwenye orodha, lakini kila niliyoifungua ilikuwa imeharibika. Nikajaribu kuhifadhi mchezo mpya, kadi nzima ikafutika. Nikimpigia hapokei.

Baadaye kijana wa jirani akanionyesha kadi ya MB 8 aliyouziwa na jamaa huyo huyo, imeshawekwa FreeMcBoot, programu inayokaa kwenye kadi na kuifanya PS2 iendeshe programu zisizo za Sony, na ndani bado mna sevu za mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoelewa. Kadi halisi ndizo zinazotafutwa kwa kazi hiyo, na sisi tunampelekea wenyewe mkononi, tena kwa kumlipa.

Kwa hivyo shikeni hili: kadi ambazo Sony yenyewe ilitengenezea PS2 ni za MB 8 tu. Ukiona jina la Sony na MB 64 kwenye kadi moja, ni bandia, usitoe hata shilingi. Kadi halisi ikiwa tupu huonyesha nafasi ya karibu KB 8,000.

Na kuhamisha si kazi ya siku mbili. Chomeka kadi zote mbili, washa PS2 bila diski, ingia kwenye Browser (sehemu ya menyu inayoonyesha kadi), chagua sevu, kisha Copy. Ni dakika chache, na unaona kwa macho yako. Zipo sevu chache zinazokataa kunakiliwa kwa njia hiyo. Hizo zinahitaji FreeMcBoot na programu ya uLaunchELF, inayozitoa hadi kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32. Ukifika hapo, weka nakala kwenye kompyuta pia. Fundi mwaminifu atakufanyia ukiwa umekaa hapo hapo, na kadi yako utaondoka nayo. Akikataa usikae, chukua kadi yako uende.

Wenye kaseti za zamani zinazotunza sevu kwa betri, kama nyingi za Game Boy, mjihadhari vilevile: betri ikitolewa kienyeji, sevu imekwenda.

Pesa nimesamehe. Kadi ndiyo naitafuta. Ni nyeusi, nyuma imekwaruzwa herufi H na S kwa msumari. Ukiuziwa, tafadhali usiifomati, niandikie hapa. Nitakununulia nyingine halisi, na kaka anakuja Idd.