Pikapu mpya kwenye gitaa la zamani: nilichokipata na nilichodhani nimekipata

Nilipomwambia mjomba kwamba nimetumia karibu shilingi 19,000 kwa ajili ya pikapu, aliniuliza gari lenyewe nimeliegesha wapi. Pikapu ninayoizungumzia haibebi mchanga wala magodoro. Ni kile kifaa kidogo kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, chenye sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kama unywele. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, huzaliwa umeme kidogo sana ambao amplifaya huukuza hadi ukawa sauti. Nimezitumia pikapu hizi mpya kwa miezi saba sasa, nyumbani Tudor, Mombasa, na jukwaani, na naona nimekaa nazo muda wa kutosha kuzitolea hukumu.

Gitaa langu ni la bei nafuu, la umbo la Stratocaster, yaani lenye pikapu tatu za koili moja (koili ni ule waya uliozungushwa) na swichi ya nafasi tano ya kuchagua pikapu ipi isikike. Nililinunua likiwa limeshatumika, na kwa miaka minne lilinitosha. Kisha nikajiunga na bendi inayopiga Jumamosi katika hoteli za pwani ya kaskazini, muziki wa bango wa pwani kwa wingi, chakacha kidogo na rumba usiku unapokomaa. Katika muziki huo gitaa la solo hukaa juu, safi, kila noti ikisikika peke yake kati ya kinanda na saksafoni. Langu lilikuwa likimezwa. Nikiongeza sauti, lilianza kupiga mluzi, nikipunguza, halikusikika. Juu ya hayo kulikuwa na mvumo usiokoma, ule wa umeme wetu wa hezi 50, ambao mpiga besi wetu alikuwa akiuita mwanachama wa sita wa bendi.

Kabla ya kununua chochote nililifungua. Chini ya bamba la plastiki nilikuta pikapu za aina inayopatikana katika magitaa mengi ya bei hiyo, ambazo vile vichwa sita vinavyoonekana juu si sumaku bali ni vipande vya chuma, na sumaku yenyewe ni upau wa seramiki uliogundishwa chini. Pikapu nilizoagiza hufuata mtindo wa miaka ya 1950: kila uzi una fimbo yake ya Alnico 5, ambayo ni mchanganyiko wa chuma na alumini, nikeli na kobalti, na waya umezungushwa moja kwa moja kwenye fimbo hizo. Tofauti hiyo ina maana. Chuma kilichomo katikati ya koili hubadilisha tabia yake ya umeme na kuishusha ile sehemu ya sauti za juu ambako pikapu hung'aa zaidi. Ndiyo sababu pikapu yenye vichwa vya chuma mara nyingi hutoa sauti nene na butu, hata kama nguvu yake ni kubwa. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa pikapu za mtindo huu hutengenezwa na wengi kwa vipimo vinavyokaribiana, na ninayoyasema yanahusu mtindo wenyewe kuliko nembo iliyo kwenye sanduku.

Seti ilifika baada ya wiki tano. Bei ya pikapu peke yake ilikuwa kama theluthi mbili ya zile shilingi 19,000; zilizobaki zilikwenda kwa usafiri, ushuru, vidhibiti vipya vya sauti na ujira wa fundi.

Kuhusu fundi, nilimpelekea kazi mzee mmoja wa Mwembe Tayari anayetengeneza redio na amplifaya za misikiti na matanga, mtu ambaye hajawahi kupiga gitaa maishani mwake. Marafiki walinishangaa. Lakini kazi yenyewe ni ya kulehemu nyaya chache, na nilijua mkono wake. Aliponiona nimekuja na lehemu nene ya mabomba, aliisukuma pembeni na kusema, "Mwanangu, hii kazi haitaki risasi nyingi, yataka moto wa kutosha na mkono usiokawia." Nikamjibu, "Sawa, mzee, wewe ndiwe mwenye kazi," nikakaa kwenye kigoda kutazama. Alikuwa na haki: ukikawia na chuma cha moto juu ya kidhibiti sauti, unaunguza utando wa ndani, na unabaki na kidhibiti kinachokwaruza kabla hakijatumika.

Kabla hajang'oa kitu alivipima vidhibiti vya zamani kwa mita. Kile cha sauti, kilichopaswa kuwa cha kilo-omu 250, kilisoma chini ya 180. Jambo hili ni dogo kwa kulitazama, ila lina uzito, kwa sababu kadiri thamani hiyo inavyokuwa ndogo ndivyo sauti za juu zinavyovuja kwenda kwenye ethi, yaani waya wa ardhi, na gitaa kuwa zito. Kwa pikapu za koili moja thamani iliyozoeleka ni 250, na kwa zile za koili mbili ni 500. Tundu la kuchomekea waya nalo lilikuwa limeota ukijani wa chumvi, kama mabomba ya nyumba zetu zote zilizo karibu na maji. Yaani kabla ya kufikia pikapu tayari kulikuwa na maradhi mawili ambayo mimi, kwa kusoma maoni ya wapiga gitaa wa ng'ambo, nilikuwa nimeyatwika pikapu peke yake.

Tulipomaliza na kujaribu, nafasi ya kwanza, ya tatu na ya tano zilikuwa nzuri, lakini nafasi ya pili, inayounganisha pikapu ya nyuma na ya kati, ilitoa sauti nyembamba iliyokosa tumbo, kama mtu anayeimbia ndani ya kopo la maziwa. Nyaya mbili za pikapu ya nyuma zilikuwa zimebadilishana mahali. Pikapu ikisikika peke yake kosa hilo halionekani. Ikiunganishwa na mwenzake, mawimbi yanapingana na sehemu kubwa ya sauti za chini inafutika. Mzee aliibadilisha kwa dakika tano na hakuongeza bei. Nalitaja kosa hili kwa ajili ya msomaji atakayesikia kitu kama hicho na kudhani ameuziwa pikapu mbovu.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Nilitaka kuvika matundu ya ndani ya gitaa utando wa kuzuia mvumo, na kwa kuwa mkanda wa shaba nilioagiza ulikuwa haujafika, nilichukua jikoni karatasi ya alumini ambayo mke wangu huitumia kufungia samaki wa kuoka. Alumini huzuia mvumo kama kawaida, isipokuwa haikubali lehemu kwa urahisi, kwa hiyo waya wa ethi niliubana tu kwa skrubu. Siku ya tatu kipande kilikunjuka, kikagusa mguu wa swichi, na gitaa likanyamaza kabisa katikati ya mazoezi. Niliitoa yote nikasubiri mkanda wa shaba, ambao unashika gundi na kukubali lehemu. Kuhusu ile karatasi ya jikoni, bado nadaiwa.

Sasa kuhusu sauti yenyewe. Nilitaka nisijidanganye, kwa sababu mtu akishatoa pesa masikio yake huwa mepesi kusifu. Nilikuwa nimerekodi vipande vitatu kwa simu kabla ya kufungua gitaa, nikiwa na nyuzi mpya za 0.010 (unene wa uzi wa kwanza kwa inchi), amplifaya ileile, vidhibiti vyake nikiwa nimevitia alama kwa kalamu. Baada ya kazi kumalizika nilifunga nyuzi mpya za aina ileile na kuvirekodi tena. Kisha nikampa mpiga saksafoni wetu asikilize bila kumwambia kipi ni kipi. Katika kipande cha solo za juu alichagua pikapu mpya mara zote, akasema noti zina ncha na hazipandani. Katika kipande cha mdundo, ambapo napiga kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa kuzikata, alishindwa kutofautisha, akabahatisha mara moja na kukosea. Kile cha tatu, kilichopigwa taratibu kwa pikapu ya shingoni, alikipenda cha zamani. "Hiki kina joto," alisema, na nikawa sina la kujibu, kwa maana nami nilikisikia hivyo.

Hiyo ndiyo picha kamili kadiri ninavyoweza kuichora. Pikapu hizi zimenipa uwazi katika nyuzi nyembamba, na mkono wangu umepata hadhi: nikipiga kwa upole sauti hupungua kweli, nikipiga kwa nguvu inakwaruza kidogo kwa utamu. Za zamani zilitoa kila kitu kwa kimo kimoja. Ule mluzi nao umekwisha, kwa kuwa koili hizi zimezamishwa katika nta, na nyaya zake haziwezi kutikisika ndani na kuugeuza mtikisiko wao kuwa kelele. Kwa upande mwingine, nguvu yake ni ndogo kuliko ya zile za seramiki. Ilinibidi kuongeza amplifaya, na anayepiga roki nzito kwa koili moja za aina hii ataona zimemwangusha.

Kuna kasoro ambayo sikuiona mapema. Fimbo za sumaku katika mtindo huu hazilingani urefu, na ile ya uzi wa tatu ni ndefu. Katika miaka ya 1950 uzi huo ulikuwa umezungushiwa waya juu yake, na kwa pikapu sauti yake ilikuwa hafifu, kwa hiyo sumaku ililetwa karibu. Siku hizi wengi wetu tunafunga uzi wa tatu mtupu, na huo una sauti kubwa. Matokeo yake, uzi wa tatu kwangu hujitokeza kama mtu anayeongea kwa sauti ndani ya matatu. Mzee alitaka kuisukuma ile fimbo ishuke, nami nikamshika mkono kwa heshima zote, maana waya umezungushwa moja kwa moja juu yake na ukikatika hakuna pikapu tena. Dawa iliyosaidia kwa kiasi ni kuishusha pikapu yote. Nikiwa nimebana nyuzi kwenye freti (vile vipau vya chuma vya shingoni) ya mwisho, naacha milimita 2 hivi chini ya uzi wa kwanza na karibu milimita 2.5 chini ya uzi wa sita, na kwa pikapu ya shingoni naacha zaidi. Mwanzoni nilikuwa nimezipandisha nikidhani karibu zaidi ni nguvu zaidi, kumbe sumaku za Alnico huvuta nyuzi, na kwenye freti za juu noti zilikuwa zikiyumba kana kwamba gitaa halikusawazishwa. Nililaumu nyuzi siku mbili nzima.

Kama mtu ataniuliza aanzie wapi, nitamwambia aanze na mita ya fundi na bisibisi: apime vidhibiti, asafishe tundu la waya, arekebishe kimo cha pikapu alizonazo. Kwangu mimi mambo hayo yaligharimu chini ya shilingi 3,000, na nakadiria yalileta karibu nusu ya mabadiliko niliyokuwa nikiyasifia pikapu wiki ile ya kwanza. Nusu iliyobaki ni ya pikapu kweli, na ndiyo niliyokuwa nikiihitaji kwa ajili ya solo. Anayepiga mdundo tu kanisani au kwenye kikundi cha shule sidhani atapata thamani ya fedha hizo.

Mvumo haujaisha wote, wala sikutarajia uishe. Koili moja hupokea mvumo kwa maumbile yake. Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson alibuni pikapu ya koili mbili mwaka 1955 kwa sababu hiyohiyo. Katika seti yangu pikapu ya kati imezungushwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa, kwa hiyo kwenye nafasi ya pili na ya nne, ambazo huiunganisha na jirani yake, mvumo unajifuta, jambo ambalo seti ya zamani haikuwa nalo. Hoteli tunayopiga Jumamosi ina taa za jukwaani zinazofifishwa kwa kidhibiti cha ukutani, na zikifika nusu ya mwanga wake, nafasi nyingine tatu hunguruma kama friji kuukuu. Basi mhudumu anapokwenda ukutani kuzififisha ili wageni wacheze, kidole changu kiko tayari kwenye swichi, naishusha nafasi ya pili, na mpiga besi anaangalia kando akicheka.