Lenzi ya makro ya kubana kwa simu: nimeitumia masika yote kupiga picha uyoga

Hii lenzi ndogo, ya kupigia picha vitu vidogo kwa karibu, niliinunua mwezi wa nne kwa duka moja la vifaa vya simu huku town, shilingi 1,800, ile yenye kibanio kama cha kuanikia nguo, unaibana juu ya kamera ya simu basi. Nimekaa nayo masika yote kwa hivyo nayasema niliyoyaona.

Mimi napenda sana kupiga picha uyoga wa porini, ule unaojiotea wenyewe baada ya mvua, siuchumi wala siuli, napiga picha naenda zangu. Sasa simu peke yake ukiisogeza karibu picha yafanya ukungu, ukirudi nyuma uyoga wabaki doa jeupe kwenye majani, na mambo yote ya uyoga yako chini ya kofia, zile kurasa nyembamba zilizopangana, usipoziona hizo hujui umepiga nini.

Siku ya kwanza niliijaribu hapa hapa nyumbani Kisauni, Mombasa, kuna gogo la mwembe uani limeota viuyoga vya kijivu vyenye manyoya, vidogo, vimekaa kama vipepeo vya kupepea jiko. Nikalala chini nikaipeleka lenzi kwa chini yake. Jamani! Kila ukurasa umepasuka katikati kwa urefu, zile kingo mbili zimejikunja kila moja upande wake, ndio Schizophyllum commune huyo, kwa jina la kitaalamu, na mimi nimepita pale miaka. Nikamuita mama akaangalia kwenye simu akasema, "Subhanallah, na mie huu nautia jikoni pamoja na kuni."

Picha ya katikati yatoka safi kabisa, ila pembeni kunavutika kidogo, hilo nimelizoea. Kazi iko kwa fokasi, yataka usogee mpaka sentimita mbili au tatu, ukipumua tu imehama, kwa hivyo mimi huegemeza simu juu ya kandambili nikaweka taima ya sekunde tatu. Na ukiwa karibu hivyo kivuli cha simu kinafunika uyoga wote, flashi nayo usiwashe yaunguza weupe, shika karatasi nyeupe upande wa pili wa jua irudishe mwanga kule chini ya kofia.

Niliipeleka Haller Park pia, pale Bamburi palipokuwa machimbo ya simenti mpaka wakaanza kupanda miti 1971, mivinje, na jongoo wakasaidia kuyasaga yale majani yake yakawa udongo. Chini ya mivinje nikapata uyoga mdogo kama kichwa cha kiberiti umetokeza katikati ya majani makavu, na picha ile mpaka punje za mchanga juu ya kofia waziona moja moja. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote.

Ilinifaa pia kwa jambo kubwa zaidi. Jirani alikuwa ameona uyoga mweupe mkubwa wenye magamba ya kahawia kwenye nyasi, ataka kuupika, nikaupiga kwa chini, kurasa zimeshaanza kuwa na ukijani. Hiyo ni dalili ya Chlorophyllum molybdites, watapisha na kuharisha vibaya. Akauacha.

Sasa ubaya. Raba ya ndani ya kibanio ilibanduka wiki ya tatu, lenzi ikawa yateleza, nikarudi dukani wakaniambia vitu vidogo havina waranti, nikaudhika kwa kweli kwa sababu pesa yangu ilikuwa mpya. Nimekata kipande cha tyubu ya baiskeli nikagundisha, mpaka leo kimeshika. Halafu kile kifuko chake hakizibi, na huku kwetu kwa unyevu na chumvi hii kioo cha lenzi chaota kuvu mara moja, yangu naiweka kwenye kopo la kufunga na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na boksi za viatu.

Kwa bei hii mimi naipa nne juu ya tano, hiyo moja nimeitoa kwa kibanio. Ukienda kununua ibane kwa simu yako hapo hapo dukani kabla hujalipa, uitikise, na uvue kava kwanza, yangu na kava haikai.