Vifaa vya kukaza misuli ya nyonga: kipi cha kununua, kipi cha kuacha

Wauzaji wa mtandaoni mjini Unguja siku hizi hawaishii kwenye shabu na majani ya kubana uke. Kuna kijiyai cha silikoni kinachoungana na simu, seti ya vipande vya uzito, mashine ndogo ya umeme, na springi ya kubana mapajani. Ahadi ni ile ile: mkojo hautachuruzika ukikohoa, na mume atafurahi. (Shabu hukausha ngozi tu, msuli haiugusi.)

Springi tuimalize mapema. Unaiweka katikati ya mapaja, unabana. Inayofanya kazi pale ni misuli ya paja la ndani. Misuli inayozuia mkojo imetandikwa chini ya kibofu kama chandarua, kutoka mfupa wa mbele hadi kifandugu, na springi haiifikii. Usinunue.

Vipande vya uzito vina afadhali. Huingizwa ukeni kimoja kimoja, kuanzia gramu 20 hivi hadi karibu 100, nawe unakwenda na shughuli zako kwa dakika 15 bila kukiachia. Ni bora kuliko kukaa bure, lakini havijaonekana kushinda mazoezi ya kawaida ya kubana misuli bila kifaa. Tena vina hila: kipande kikilala mshazari hakidondoki hata misuli ikiwa imelegea, ukadhani umeshaimarika.

Kijiyai cha simu ndicho kinachoulizwa zaidi. Elvie, iliyobuniwa Uingereza, na Perifit ya Ufaransa ni mifano. Unabana, kihisio kinapima nguvu, na kwenye kioo cha simu kidude kinapanda. Wazo ni la zamani: Dk. Arnold Kegel wa Marekani alieleza mwaka 1948 kifaa chake cha mpira chenye geji ya kusomea mbano. Tatizo kubwa la kijiyai ni kwamba ukikamua kama mtu anayekwenda haja kubwa, shinikizo la tumbo nalo hupanda, na vihisio vingi haviwezi kutofautisha. Unapata alama za juu huku unaisukuma misuli chini, kinyume kabisa cha unachotaka. Jipime kwa kioo kidogo cha mkononi: ukibana sawasawa, nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa inaingia ndani na kupanda. Ikitokeza nje, acha kwanza.

Na je, kipimo kinaongeza nini? Utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2020 ulifuata wanawake 600 wanaovuja mkojo. Nusu walifundishwa mazoezi peke yake, nusu wakaongezewa kifaa cha kuwaonyesha mbano wao. Baada ya miaka miwili, hali za makundi yote mawili zilikuwa karibu sawa. Kwa hiyo pesa ya kijiyai unanunulia ukumbusho. Kama bila simu kukuita hufanyi, kina thamani.

Zoezi lenyewe ni hili. Bana kana kwamba unazuia upepo wa tumboni usitoke, kisha vuta juu na mbele kana kwamba unazuia mkojo. Shikilia hadi kumi. Ukishindwa, ishia tano. Legeza kwa muda ule ule, maana msuli usiolegea huchoka na kuuma. Fanya mara 8, mara tatu kwa siku, kwa miezi 3 bila kukatisha. Pumzi isizuiwe, makalio yasikaze. Usijizoeze ukiwa unakojoa. Ukishatoa salamu ya alfajiri, adhuhuri na isha, bado uko juu ya msala, vipindi vitatu vimepatikana. Mabibi wa mwani wa Paje na Jambiani waongeze moja: bana kabla ya kunyanyua gunia bichi, si baada ya kulibeba.

Mashine ya umeme, inayoubana msuli kwa mkondo mdogo, inamfaa mwanamke ambaye hata akijaribu hahisi chochote. Anza chini kabisa, panda hadi uhisi msuli unavutwa. Ukihisi maumivu umepita kiasi. Ukishaweza kubana mwenyewe, iweke kando. Mjamzito na mwenye betri ya moyo wasiiguse.

Aliyejifungua asiingize kifaa chochote kabla arobaini haijaisha na jeraha kupona. Anayevuja mchana na usiku bila kukatika baada ya uzazi mgumu hana kazi na vifaa hivi: huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, inataka upasuaji, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huitibu. Mwenye maumivu wakati wa tendo la ndoa naye amwone daktari kwanza, kwani misuli yake huenda imekaza kupita kiasi.

Ukinunua, hakikisha programu yake inafunguka kwenye simu yako kabla ya kulipa. Osha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, kausha kabisa, tumia jeli ya maji. Na kilichotumika na mwingine kisiingie ndani mwako, hata muuzaji akiapa kwamba amekichemsha.