Rejeta ya gari la otomatiki: ipi ununue, na kwa nini uanze na tenki la chini

Tangu niandike kuhusu magari yanayochemsha kwenye foleni, malalamiko ninayoletewa yanafanana mno. Msomaji amebadilisha rejeta, mshale wa joto umetulia katikati, amefurahi. Baada ya muda giaboksi inaanza kuchelewa kushika gia, halafu inateleza, halafu gari linatetemeka kila likiondoka kwenye taa. Fundi anamwambia giaboksi imekufa, atafute nyingine. Hakuna anayemwambia kwamba iliyoiua ni ile rejeta mpya.

Naandika kwa ajili ya wenye magari ya otomatiki, yaani wengi wetu tunaoendesha IST, Raum, Forester, Crown na Noah zilizokuja kwa meli kutoka Japani. Urefu, upana na unene wa rejeta sitaugusa. Muuzaji yeyote wa Gerezani, Dar, au wa Grogan kwa walioko Nairobi, atakutolea inayoingia kwenye gari lako kabla hujamaliza kulitaja.

Ninachotaka ukiangalie ni tenki la chini, au la pembeni kwa magari ambayo matenki yake yamekaa ubavuni. Ndani ya tenki hilo la plastiki, pasipoonekana, kuna kipoza kidogo cha oili ya giaboksi, ile ambayo mafundi wengi wanaiita haidroliki. Oili inatoka kwenye giaboksi ikiwa ya moto, inapita ndani ya kipoza hicho, maji ya rejeta yanakizunguka na kuipunguza joto, kisha inarudi ilikotoka. Kati ya maji na oili pana ukuta mwembamba wa chuma, basi. Halafu pana sehemu mbili ambapo kipoza kinatokeza nje ya plastiki ili mipira ya oili ifungwe. Ukuta ukitoboka, au maungio yakiachia kwa ndani, maji na oili vinakutana.

Madhara makubwa yanatokea gari likiwa limeegeshwa. Injini inapounguruma, pampu ya giaboksi inaisukuma oili, kwa hiyo oili ndiyo inayopenya kwenye maji. Ukizima, presha ya oili inaanguka papo hapo, ilhali maji ya rejeta bado ni ya moto na yamebanwa na kifuniko. Kwenye Toyota nyingi kifuniko kimeandikwa 108 kPa, yaani karibu bar 1.1. Sasa maji ndiyo yanayosukumwa kuingia kwenye oili. Wewe umelala, giaboksi inakunywa maji. Klachi pleti za giaboksi ya otomatiki zina utando wa nyuzi mfano wa karatasi, uliobandikwa kwa gundi kwenye chuma. Maji na kulanti vinalainisha utando huo na kuiachisha gundi. Kumwaga oili chafu na kuweka mpya hakurudishi kilichokwisha kubanduka.

Tena ugonjwa huu hauko kwenye rejeta za bei ya chini peke yake. Nchini Marekani, wenye Nissan Pathfinder, Xterra na Frontier za 2005 hadi 2010 waliishtaki Nissan kwa sababu hiyohiyo: kipoza kilichomo ndani ya rejeta kilipasuka na kupeleka maji kwenye giaboksi. Wenye Mercedes C-Class W203 za mwanzo nao wanaufahamu. Kama gari lililotoka kiwandani likiwa jipya linaweza kuupata, sioni kwa nini tununue rejeta bila kuuliza lolote kuhusu kipoza hicho.

Sasa nipange ninavyoona mimi.

Ya kwanza ni Denso, na upendeleo wangu siuonei haya. Denso ilikuwa idara ndani ya Toyota hadi ilipojitenga mwaka 1949, makao yake yako Kariya, na bado inatengeneza rejeta zinazofungwa kwenye Toyota kiwandani. Ninachokipenda ni umakini wa pale oili inapoingilia. Nati imekaa sawasawa juu ya plastiki, ringi ya mpira haijachomoza upande, nyuzi za kufungia ni safi, na matundu yote mawili yana vizibo ili mchanga usiingie njiani. Ukishika rejeta ya Denso halisi na isiyo na jina kwa wakati mmoja, tofauti unaiona hapo kabla ya kwingine kokote. Usinunue kwa kuangalia boksi. Andika chesi namba yako, tafuta namba ya spea inayolingana nayo, kisha uilinganishe na iliyochapwa kwenye rejeta yenyewe. Namba za rejeta za Toyota huanza na 16400, za kifuniko 16401. IST ya NCP60 na ya NCP61 zina injini tofauti, na rejeta ya manyuo ina namba yake, ya otomatiki ina yake. Muuzaji anayekwambia "zote ni sawa tu, dada" huku akikupa ya manyuo anakuuzia rejeta isiyo na kipoza kabisa. Fundi akikuta hakuna pa kufunga mipira ya oili, wengine wanaiunganisha yenyewe kwa yenyewe na kukurudishia gari. Oili inazunguka bila kupozwa mahali popote. Ukipanda mlima Kitonga na mzigo hivyo, usishangae ukinusa harufu ya kuungua.

Ya pili ni Koyorad, ya Nagoya, kampuni ambayo kazi yake ndiyo hii ya kutengeneza rejeta. Kwa Subaru na Nissan ningeitafuta hii kabla ya nyingine, kwa sababu Denso ya magari hayo ni ngumu kuipata madukani kwetu. Plastiki yake ni nzuri na kipoza chake nakiamini.

Ya tatu ni ya mtumba iliyokuja kutoka Japani, iliyong'olewa kwenye gari lililofanana na lako. Wengi wanaipa nafasi ya kwanza kwa kuwa ni "orijino". Ni kweli ilikuwa orijino ilipofungwa, lakini plastiki inazeeka kwa joto. Angalia rangi ya tenki la juu: lililokuwa jeusi likianza kuwa kahawia limechoka, na kucha za aluminiamu zinazolibana karibu zitaachia. Chungulia tundu la maji kwa tochi. Ukiona utando wa mafuta au rangi ya maziwa, irudishe hapo hapo, hata kama imeshushwa bei.

Rejeta nzima ya aluminiamu iliyochomelewa, ile inayong'aa ya magari ya mashindano, inapoza vizuri na haina plastiki ya kupasuka. Ila nyingi hazina kipoza cha giaboksi, na wauzaji hawasemi mpaka uulize. Ukiichukua, lazima ununue kipoza cha oili cha nje, kinachokaa mbele ya rejeta na kupozwa kwa upepo. Na hapa niseme wazi: kwa joto la Dar, Tanga na Mombasa, kipoza cha nje ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, hata kwa mwenye Denso. Maji na oili havikaribiani tena, kwa hiyo havina namna ya kuchanganyika. Chagua cha sahani zilizopangwa badala ya bomba moja lililokunjwakunjwa, kifungwe kwa mabano na si kwa zile nyuzi za plastiki zinazopenyezwa katikati ya mapezi ya rejeta, maana zinasugua hadi zinatoboa.

Mazda walilielewa jambo hili zamani. Injini ya mzunguko ya RX-8 inatumia oili ya injini kupoza rota zenyewe, yaani vile vipande vinavyozunguka mahali pa pistoni, na karibu theluthi ya joto linalotakiwa kutolewa linapitia kwenye oili, si kwenye maji. Ndiyo maana RX-8 ya manyuo ina vipoza viwili vya oili, kimoja kila pembe ya mbele, mbali na rejeta. Hata Wamarekani wanaojenga ndege ndogo nyumbani kwao na kuzifunga injini hizo za Mazda huipa oili kipoza chake na njia yake ya upepo. Mwenye RX-8 anayehangaika na kuchemsha aanze kukagua vipoza hivyo kama vimezibwa na tope, kabla hajatoa hela ya rejeta.

Rejeta za shaba zinazozibwa kwa risasi zinawafaa wenye Land Cruiser za manyuo za injini ya 1HZ. Mafundi wetu wanazijua vizuri, waachieni kazi yao.

Zile zisizo na jina, zenye stika tu, ni za mwisho. Ukilazimika, nunua na kipoza cha nje siku hiyohiyo.

Kupima kipoza kabla ya kulipa hakuhitaji mtambo. Ziba tundu moja la oili, tumbukiza tenki kwenye beseni la maji, pulizia upepo wa kompresa ya kujazia tairi kwenye tundu la pili, polepole. Povu likitoka, rejeta hiyo ni mbovu. Likitoka kwenye mzunguko wa nati, ringi ya mpira haikukaa. Likitoka ndani ya tenki, kupitia tundu la maji, kipoza kimetoboka. Wakati wa kufunga, msimamie fundi atumie spana mbili, moja ishike nati ya rejeta na nyingine ikaze mpira. Anayetumia spana moja anakizungusha kipoza chote ndani ya plastiki, na ufa unaanzia hapo. Rejeta nyingi nzuri zimeuawa hivyo siku ya kwanza.

Sasa wauzaji. Nimeomba kupima rejeta dukani nikaambiwa kwamba nikiilowesha nimeshainunua. Nimetajiwa bei moja, dakika chache baadaye kijana wa kiume akatajiwa bei nyingine kwa spea ileile, mbele yangu. Nimeona boksi la kampuni ya Japani likitolewa chini ya kaunta likiwa tupu, rejeta ikaingizwa ndani yake mteja akiwa anaangalia. Na kwenye risiti, ikiwa utapewa risiti, kuna yale maneno: mali ikiuzwa hairudishwi. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa na ilikotoka, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya bidhaa bandia. Maneno yaliyochapwa chini ya risiti hayaifuti sheria hiyo. Tunalipa kodi ya gari, ya mafuta na ya spea. Kudai kupima kitu cha kwetu kwa beseni la maji si ukorofi.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kabla hujaondoka muuzaji aandike kwa mkono namba ya spea, neno "otomatiki", na kwamba kipoza kimepimwa. Akikataa kuandika, nenda duka la pili.

Na kwa wale ambao tayari wameona oili ya giaboksi imekuwa kama chai ya maziwa, au wamekuta utando wa mafuta kwenye chupa ya maji: msiwashe tena gari, livutwe mpaka gereji. Msikubali kuanza na giaboksi. Rejeta itoke kwanza, mipira ya oili isafishwe au ibadilishwe, kipoza cha nje kifungwe, ndipo giaboksi nyingine iingie. Wapo walionunua giaboksi mbili kwa rejeta moja, kwa sababu hakuna aliyefikiria kuifungua.