Toyota Cavalier: Gari la Ohio Lenye Beji ya Toyota

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo nipo Raskazone, hapa Tanga, na kabla sijasema neno lolote kuhusu gari hili naomba mtazame beji iliyopo mbele. Hiyo ni beji ya Toyota, haikubandikwa na fundi wa mtaani, na kwenye kadi ya gari pia limeandikwa Toyota. Dalali aliyenionesha gari hili aliniambia maneno ambayo wengi wenu mmekwisha kuyasikia: "Hii ni Toyota, kaka, spea zipo kila duka." Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niwashe kamera, kwa sababu si ya kweli, na kijana mwenye akiba yake ya milioni nne anaweza kuipoteza yote kwa kuiamini.

Jina lake ni Toyota Cavalier, lakini kwa kuzaliwa ni Chevrolet Cavalier, na limeundwa na General Motors katika kiwanda cha Lordstown, jimbo la Ohio, Marekani. Katika miaka ya 1990 serikali ya Marekani ilikuwa ikiilalamikia Japani kwamba inauza magari mengi Marekani huku yenyewe ikinunua machache kutoka huko, na Toyota ikakubali kuliuza gari hili Japani kwa jina lake kama njia mojawapo ya kupunguza msuguano huo. Liliwekewa usukani wa kulia na swichi ya indiketa upande wa kulia, kama Wajapani walivyozoea. Hata hivyo Wajapani hawakulipenda sana, kwa kuwa injini yake inazidi lita mbili na upana wake unazidi milimita 1,700, na kwa sheria zao hayo mawili yanalitoa gari katika kundi la magari madogo, na ukubwa wa injini unalitupa kwenye kodi kubwa zaidi ya kila mwaka. Mwaka 2000 mauzo yakakoma. Machache yaliyobaki yalifuata njia ileile inayofuatwa na magari mengine yaliyotumika Japani, na hili moja likafika kwetu, likasajiliwa, na leo ni namba B, yaani herufi za usajili wake zinaanza na B.

Vipimo vingine sitavisoma, kwa kuwa gari la milango minne la miaka hiyo mnalijua. Viti vyake ni vipana na laini, kiyoyozi chake kinapuliza kwa nguvu ambayo sijaikuta kwenye Starlet yoyote, na plastiki za dashibodi zimepauka na kupasuka karibu na kioo. Buti ni kubwa. Hayo yanatosha, kwa sababu jambo linaloamua kama ulinunue au usilinunue lipo chini ya boneti.

Nina tangazo fupi kwanza: kuanzia mwezi ujao vipindi vyetu vitatoka Alhamisi jioni badala ya Jumamosi, kwa kuwa wengi mmeniambia kwamba gari mnalitafuta mwisho wa juma na mnahitaji kuwa mmeshaona uchambuzi kabla ya kwenda kuonana na muuzaji. Ombi hilo ni la haki na nimelikubali.

Sasa nafungua boneti. Injini mnayoiona ni ya silinda nne, ujazo wa sisi (cc) 2,392, yenye kamshafti mbili juu, yaani mihimili inayofungua vali. Katikati pana kifuniko kimoja cha alumini, na chini yake zipo koili pamoja na plagi zote nne, kwa hiyo msishangae kutoona nyaya ndefu za plagi. Bloku ni ya chuma cha kusubu na silinda hedi, sehemu inayofunika bloku kwa juu, ni ya alumini. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu metali hizi mbili hazitanuki kwa kiasi kimoja zinapopata joto, na gasketi, yaani kizibo chembamba kilichopo katikati yake, ndiyo inayobeba mzigo wa tofauti hiyo. Injini ikichemsha mara moja tu kwa ukali, hedi inaweza kupinda na gasketi ikaachia. Gasketi ya hedi ni udhaifu unaojulikana katika ukoo wa injini hizi, na mtu anayeuza gari lililowahi kuchemsha hatakwambia.

Nasogeza kamera karibu na mtungi wa maji. Ni saa moja asubuhi, injini imelala usiku kucha, na hiyo ndiyo saa pekee ya kufungua kifuniko hiki bila kuungua. Angalieni rangi. Kuanzia magari ya mwaka 1996 General Motors ilianza kutumia kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, ya rangi ya chungwa, ambayo haitakiwi kuchanganywa na ile ya kijani wala kuongezewa maji ya bomba. Haya ninayoyaona humu si ya chungwa wala si ya kijani. Ni ya rangi ya udongo wa Muheza baada ya mvua. Nachovya kidole, nasugua, na mnaona kinavyobaki na tope laini. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi kila maji yalipopungua mtu alichukua ndoo, akajaza, akafunga, akaendelea na safari. Maji ya bomba yana madini yanayoganda kwenye njia nyembamba za rejeta, kile kifaa kinachopoza maji ya injini, na bila kulanti chuma cha bloku huanza kuliwa na kutu ndani kwa ndani, ambako hakuna anayeona.

Nimeanza kukasirika hapo, na hasira yangu si kwa gari. Ni kwa mazoea yetu. Tunaishi kwenye mji ambao saa nane mchana kivuli chenyewe kinachoma, tunawasha kiyoyozi kwenye foleni, kisha tunaiwekea injini ya Marekani maji ya kisima.

Kuna sababu nyingine ya kulichunguza jambo hili kwa makini kuliko kwenye Corolla, nayo ni pampu ya maji. Kwenye magari mengi mliyoyazoea, pampu inazungushwa na mkanda, na fundi mzoefu anaibadilisha kwa muda wa kawaida tu. Katika injini hii pampu inazungushwa na cheni ya taimingi, ile inayozungusha kamshafti. Wazo lenyewe si baya, kwa kuwa cheni haikatiki ovyo kama mkanda, lakini pampu ikianza kuvuja fundi analazimika kufungua ekzosi pale inapoungana na injini, kufungua kifuniko cha cheni na kulegeza kikaza cheni kabla hajaifikia. Fundi mmoja wa Makorora ambaye naamini kazi yake aliitazama kwa muda mrefu, akaniambia kwamba kwa kazi hiyo atahitaji siku mbili na hatakubali kuharakishwa. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Yule atakayekwambia kwamba ataimaliza kabla ya adhuhuri, usimwachie ufunguo.

Jaribio linaendelea. Nimewasha injini, nimewasha kiyoyozi mpaka mwisho, na gari limesimama. Mshale wa joto unapanda taratibu, unafika katikati, kisha feni inatakiwa iingie na mshale utulie. Sikilizeni. Feni imeingia. Tunahesabu dakika, na mshale hautulii, unasogea upana wa kucha juu ya katikati, unakaa hapo, unasogea tena. Nimezima kiyoyozi, ukashuka. Nimekiwasha, ukapanda. Gari la namna hii ukilijaribu kwa kuzunguka mtaa mmoja saa moja asubuhi utasema ni zima, na utalipa fedha yako. Mjaribishe muuzaji kwa kulisimamisha dakika ishirini likiwa na kiyoyozi, na kama atakuharakisha, una jibu lako.

Mwenye gari, mzee mmoja wa Chumbageni, alikuwa muungwana kuliko dalali wake. Nilipomweleza niliyoyaona hakubisha, akaniruhusu nilipeleke kwa fundi kwa gharama yake. Tulisafisha mfumo mpaka maji yakatoka meupe, rejeta ikafunguliwa na kuzibuliwa, tukaweka themostati mpya, yaani vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, na kulanti inayofaa. Themostati ndiyo iliyonipa somo la beji. Niliingia kwenye duka la spea Ngamiani na kadi ya gari mkononi, muuzaji akasoma neno Toyota, akanipa themostati ya Corolla bila kuuliza zaidi. Haikuingia. Tuliipata siku kumi baadaye kwa kuagiza nje, na tuliagiza kwa jina la Chevrolet Cavalier ya lita 2.4, si kwa jina la Toyota. Hilo liandikeni mahali.

Beji inadanganya hata kwenye rimu. Habu ya gari hili, yaani sehemu inayofungwa gurudumu, ina nati tano zilizopangwa kwenye duara la milimita 100, sawasawa na Toyota Wish, na ndiyo maana watu hukwambia kwamba rimu za Wish zinaingia. Nimeleta moja hapa tuione. Matundu ya nati yanalingana kabisa, lakini tundu la katikati la rimu ya Toyota ni milimita 54.1 na kitovu cha habu hii ni milimita 57.1, kwa hiyo rimu inagota na haikai. Akitokea mtu wa kuilazimisha kwa kukaza nati, mwondoeni kwenye gari. Rimu za madukani zenye tundu pana zaidi zinaweza kutumika, mradi ziwekewe ringi ya kujaza nafasi inayobaki.

Giaboksi ni otomatiki ya gia nne, na haina kijiti cha kupimia oili. Msikitafute, na msimruhusu fundi aongeze oili kwa kukisia. Kimo hupimwa kwa kufungua plagi iliyopo kwenye giaboksi yenyewe, gari likiwa limenyooka na oili ikiwa na joto linalotakiwa. Ya gari hili inabadilisha gia kwa ulaini ambao sikuutarajia.

Na hapa lazima niwe mkweli kwenu kuhusu moyo wangu mwenyewe. Nilipoanza kulitengenezea video hii nilikusudia kuwaambia mlikimbie. Kisha, baada ya matengenezo, nililipeleka Segera, Korogwe na Mombo, nikapanda nalo mlima hadi Soni. Walioendesha njia ile wanajua kona zake na jinsi gari dogo linavyolia likiwa na watu wanne. Gari hili halikulia. Nguvu yake ipo chini, unaposukuma kidogo tu linaitika, na mshale wa joto ulibaki katikati hadi juu huku kiyoyozi kikiwaka. Nilisimama Soni nikafungua boneti nikatazama kama kuna tone lolote, nikakuta pakavu. Kwenye mzunguko wote nilipata kilomita kumi na nusu kwa lita, kiasi ambacho kwa mwenye Vitz ni hasara, ila kwa injini ya ukubwa huu si vibaya.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kulipita kwa sababu mnabeba watoto. Gari hili lina mifuko miwili ya hewa mbele na breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasigande unapofunga breki ghafla, lakini taasisi ya Marekani ya IIHS, inayogharamiwa na kampuni za bima, ililigonga kwa majaribio gari la Cavalier la kizazi hiki upande mmoja wa mbele na kulipa daraja la chini kabisa. Msidanganywe na uzito wa milango yake.

Wengi mtauliza kuhusu Carina Ti au Corolla 110 kwa fedha hiyohiyo. Kwa mtu wa bodaboda anayetaka kuhamia kwenye teksi, au mwalimu anayetoka Pongwe kila siku na hana gari la pili, jibu langu ni Corolla, bila kusita, kwa kuwa ikiharibika asubuhi jioni itatembea. Chrysler Neon, Mmarekani mwingine aliyeuzwa Japani akiwa na usukani wa kulia, naye ana tatizo lilelile la spea, na injini yake ya lita mbili inatumia mkanda wa taimingi, kwa hiyo kati ya hao wawili nachagua Cavalier. Wala msifikirie kuagiza jingine kutoka Japani: injini inayozidi sisi 2,000 inatozwa ushuru wa bidhaa mkubwa kuliko ya chini yake, na gari lenye umri huu linabeba tozo ya uchakavu juu ya ushuru mwingine wote. Ukilitaka, nunua lililokwisha kusajiliwa.

Bei aliyoitaja dalali ilikuwa milioni nne na nusu. Kabla ya matengenezo nisingetoa zaidi ya milioni mbili na nusu, kwa sababu milioni nzima ningeiweka kando kwa ajili ya pampu na gasketi, na huenda isingetosha. Sasa, mfumo wa kupoza ukiwa safi na hedi ikiwa imepimwa na kuonekana haijapinda, milioni tatu na laki tatu ni bei ninayoweza kuitetea mbele yenu, kwa mnunuzi ambaye ana fundi wake, anaweza kungoja spea wiki mbili, na ana kipimo cha subira kwa gari analolipenda. Chini ya gari tulikuta kutu kwenye bawa la kushoto nyuma, kazi ya hewa ya bahari, na hiyo nimeihesabu kwenye bei.

Nimemweleza mzee bei hiyo na amesema ataifikiria. Jambo moja amekubali papo hapo: yeyote atakayekuja kulitazama afike saa kumi na mbili na nusu asubuhi, aguse boneti ikiwa baridi, na afungue mtungi kwa mkono wake mwenyewe kabla ufunguo haujazungushwa.