TAHADHARI: Huyu "Mwalimu wa kodingi" wa Kabwe ni tapeli, na sasa yuko njiani kuja kwenu

Ndugu zangu wa Mbeya, na nyie wa Iringa, Njombe na Tunduma ambao tangazo lake limeshawafikia WhatsApp: yule aliyekuwa na chumba ghorofani pale Kabwe, hapa Mbeya, anayeahidi miezi mitatu unakuwa mtengeneza programu na kazi ya dola mkononi, ni TAPELI. Jina silitaji kwa sababu jalada liko polisi na nimeambiwa nisiharibu upelelezi. Mliokwenda kwenye semina yake mnamjua. Kaondoka na laki nane na nusu yangu.

Najua kuna watakaosema "na elimu yake yote!" Basi sikilizeni, maana mimi sikukurupuka. Nilikwenda, nikaona meza, vijana wanasoma, cheti cha BRELA, wale wa kusajili biashara, ukutani kwenye fremu. Nikamuuliza kazi zenyewe zinapatikana wapi. Akasema, "Dada yangu, maneno hayasaidii, njoo uone." Akanivutia kiti, akanigeuzia kompyuta. Akafungua gazeti la mtandaoni, lilelile tunalosoma wote. Akabonyeza kitufe, pembeni pakafunguka msururu wa maandishi ya rangi rangi, akachapa kidogo, na kichwa cha habari kikafutika. Pakatokea majina yangu yote matatu kwa herufi nene, AAJIRIWA UJERUMANI. Vijana wakapiga makofi. Mwili ulinisisimka. "Miezi mitatu na wewe unafanya hivi." Kabla sijatulia akafungua Upwork, ule mtandao wa kazi za mbali, akanionyesha salio: dola 4,300. "Za mwezi huu tu, na sijahama Mbeya."

Nani asingeamini? Nimeona kwa macho yangu mtu anaingia kwenye gazeti la taifa na kuandika anachotaka!

Akasema nikilipa yote siku ileile napunguziwa laki mbili. Wakati wa kutuma, simu ikaleta jina la mwanamke nisiyemjua, si la chuo. Nikauliza. "Huyo mhasibu wetu, dada." Risiti akaandika kwa mkono kwenye kile kitabu cha dukani.

Masomo yenyewe yalikuwa video. Kila video ina kiraka cheusi kwenye kona, kimebandikwa kufunika jina la mwenyewe. Siku moja kiraka kikachelewa kutokea, nikasoma: freeCodeCamp. Hilo ni shirika la Marekani linalofundisha BURE tangu 2014, mwenye bando yeyote anasoma, hata cheti hulipii. Ukimuuliza swali anasema tutalifikia. Ilipofika zamu ya kutafutiwa kazi tukakuta kufuli mlangoni, na mwenye nyumba naye anamdai.

Aliyenifungua macho ni kijana wa jirani anayesoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Iyunga. Akachukua laptopu yangu, akabonyeza F12, kitufe kinachofungua yale maandishi ya rangi rangi, gazeti lilelile, akaweka jina la mama yake. Kisha akapakia ukurasa upya, habari ikarudi ilivyokuwa. Kumbe yale mabadiliko yanaonekana kwenye kompyuta yako tu, gazeti lenyewe halijaguswa. Akafungua akaunti yake ya Upwork ambayo haina hata senti, akaandika dola 9,000. Zikakaa pale kama kweli. Nililia. Yule mtu alinionyesha mbinu ya wizi waziwazi, nikamshangilia, na dakika ileile akaitumia kuniibia.

Kwa hiyo mkionyeshwa salio, mwambieni apakie ukurasa upya mbele yenu. Cheti cha BRELA ni cha kusajili biashara, hakimpi mtu ruhusa ya kufundisha; chuo cha ufundi ulizieni NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA. Wahitimu msionyeshwe picha, ombeni namba mpige wenyewe. Na jina la mpokea hela likiwa tofauti, simamisha hapohapo. Mengine nitaandika nikitulia.

Ila huyu nataka afungwe! Kujipatia fedha kwa udanganyifu Kanuni ya Adhabu inasema hadi miaka 7, na naomba apewe yote. Marekani Aprili 2024 mamlaka ya kulinda wateja iliipiga marufuku BloomTech, shule kubwa ya kodingi, isikopeshe tena wanafunzi. Ilikuwa inatangaza kwamba hadi asilimia 86 ya wahitimu wanapata kazi, huku wawekezaji wake wanaambiwa karibu 50. Mkuu wake naye akafungiwa mikopo ya wanafunzi miaka 10. Wale walikuwa na masomo na walimu wa kweli! Huyu wetu kabandika viraka kwenye video za bure, kabeba ada za watoto wa watu waliouza mahindi ya familia, na anatembea.

Nasikia kaonekana Mafinga anatafuta chumba. Mkimwona msimpige, mzuieni mpigie polisi. Namba zake za simu tumeni 15040, namba ya kuripoti matapeli. Na mliolipa kama mimi, MSIFUTE meseji za muamala, hata kama mnaona aibu. Nitafuteni inbox twende kituoni pamoja, maana nikienda peke yangu wananiambia ni deni la watu wawili, tukamalizane wenyewe.