Uzoefu wangu na All-Bran: pumba za ngano zilizopitia Kampala

Niseme mapema: All-Bran, nafaka ya boksi ya kifungua kinywa, siili kwa utamu, naila kwa ajili ya tumbo. Hapa Uingereza ninakoishi, chakula cha kazini ni mkate mweupe na chipsi, na kazi yenyewe ni ya kukaa kitini mchana kutwa. Choo kinakuwa kigumu, unaingia msalani na simu, unatoka betri imeisha.

Nazungumzia ile ya asili yenye vijiti vya kahawia. Bran Flakes, zile bapa, ni kitu kingine, nyuzinyuzi zake ni pungufu sana. Vijiti ukivimiminia maziwa, kula upesi, maana havikawii kulegea. Mwisho wa bakuli maziwa yamekuwa ya kahawia, na yamebeba utamu wa kimea kuliko vijiti vyenyewe. Shangazi yangu alipokuja kututembelea alilichungulia bakuli akauliza kwa upole kama siku hizi tunafuga kuku. Hakukosea sana: boksi langu linasema asilimia 87 ni pumba za ngano. Nyuzinyuzi ni gramu 27 kwa kila gramu 100. Sukari ni gramu 18, na hiyo ndiyo namba ya kuangalia kabla hujachota kijiko kingine kwenye kopo la sukari.

Je, inafanya kazi? Inafanya. Asubuhi zangu zimebadilika na msalani sikai tena. Ila anza kidogo kidogo na unywe maji ya kutosha, kwa sababu nyuzinyuzi nyingi za ghafla huleta gesi, na ofisi yangu haina madirisha.

Historia yake ndiyo iliyonifanya niandike. Will Keith Kellogg alianza kuiuza mwaka 1916, Battle Creek, Michigan, Marekani. Kaka yake, Dkt. John Harvey Kellogg, aliongoza sanatoriamu, yaani kituo cha tiba na mapumziko, iliyoanzishwa na Waadventista Wasabato mjini humo, na aliamini maradhi mengi chanzo chake ni utumbo mchafu. Ndugu hao walifikishana mahakamani kugombea jina la Kellogg kwenye maboksi, na mwaka 1920 Mahakama ya Juu ya Michigan ikampa Will, mdogo mtu, ushindi. Kwa miaka mingi baadaye matangazo ya All-Bran hayakuzunguka mbuyu: umekosa choo, kula hii.

Kisha akaja Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Yeye na wenzake, akiwemo Hugh Trowell aliyekaa Kenya na Uganda miaka mingi, waliona kwamba saratani ya utumbo mpana na maradhi mengine yaliyojaza hospitali za Uingereza yalikuwa adimu kwa wanavijiji wa Uganda. Wakaanza kupima kinyesi. Ndiyo, kukipima kwenye mizani, na Burkitt alikuwa akionyesha picha zake kwenye mihadhara bila haya. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1972: wanavijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, Waingereza waliopimwa karibu gramu 100 tu, na chakula kilikaa zaidi tumboni mwa Waingereza.

Hapo wauzaji wakapata habari njema. Mwaka 1984 kampuni ya Kellogg, ikishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, iliweka kwenye maboksi ya All-Bran ujumbe kwamba mlo wenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo unaweza kupunguza hatari ya baadhi ya saratani. Mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo haikufurahi, kwani chakula kinachodai kuzuia ugonjwa kilihesabiwa kama dawa. Mvutano huo ulichangia sheria ya lebo za vyakula ya mwaka 1990.

Lakini mwaka 2000 jaribio la Arizona, lenye washiriki zaidi ya 1,300, lilionyesha kwamba kula pumba nyingi za ngano hakukuzuia vinyama vya utumbo, ambavyo vingine huweza kugeuka saratani, kuota tena. Tafiti nyingine zimekuwa na matumaini zaidi kuhusu mlo wenye nyuzinyuzi kwa jumla, na huko si sawa na kusema bakuli moja la vijiti linakukinga. Dai ninaloliamini ni lile dogo ambalo wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walilikubali mwaka 2010: gramu 10 za nyuzinyuzi za pumba za ngano kwa siku huharakisha chakula kupita tumboni. Gramu 40 za All-Bran zinakupa karibu 11. Basi hesabu imetimia.

Kinachonikera kidogo ni kwamba wale wanavijiji wa Burkitt hawakula kitu cha boksi. Walikula viazi vitamu, matoke, maharage, nafaka isiyokobolewa. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi, na ugali wa dona unaushinda wa sembe kwa mbali. Kwa hiyo kama uko Morogoro au Kisumu na maharage yapo jikoni, sioni sababu ya kulipia boksi lililosafiri kuliko wewe.

Mimi niliye huku, ninayekimbilia treni saa kumi na mbili asubuhi, nitaendelea kununua. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Na kabla hujalipia jina, tazama rafu ya chini: supamaketi nyingi za hapa zina vijiti vya pumba vya chapa yao, kwa bei nafuu zaidi. Linganisha mistari miwili tu, nyuzinyuzi na sukari, uchukue kinachokufaa.